Mgahawa Unaopendwa Hufa Kimya Kimya

Mama ntilie huuza wali wa elfu moja na wali wa elfu mbili. Mchele ukipanda sokoni, upawa wake hupungua, na mteja aliyesimama mbele ya sufuria huuona ukipungua. Asiporidhika huongeza mia tano au huhamia kwa jirani. Mgahawa wa mtaa una kawaida nyingine. Wenyewe huuza kitu chenye jina: pilau ya Ijumaa, supu ya asubuhi na chapati mbili, maharage ya nazi yanayomvusha mtu mitaa mitatu na kumpitisha milango ya wapishi wengine. Bei ya sahani hiyo imeandikwa ukutani, watu wameishika kichwani, na sahani yenyewe inatarajiwa ibaki vilevile mwaka hadi mwaka. Gharama zikipanda, mwenye mgahawa ana njia mbili: abadilishe maandishi ya ukutani, au abadilishe kilichomo ndani ya sufuria. Njia ya kwanza mteja huiona siku hiyohiyo. Ya pili huenda asiigundue kwa miezi. Hoja ya makala haya ni kwamba mgahawa unaopendwa huanza kushuka siku unapochagua njia ya pili, na kwamba mapenzi ya wateja wake ndiyo yanayoipendezesha njia hiyo, kisha ndiyo yanayochelewesha habari za madhara yake.

Kwanza tutenganishe vifo viwili vinavyochanganywa. Ipo migahawa inayokufa ingali michanga. H. G. Parsa na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu mji wa Columbus, Ohio, nchini Marekani, walikuta takriban asilimia 26 ya migahawa ikifungwa au kubadilisha mikono mwaka wa kwanza, na karibu asilimia 60 ndani ya miaka mitatu. Ni hasara kubwa, ingawa iko mbali na ule usemi kwamba tisa kati ya kumi haimalizi mwaka. Migahawa hiyo hukosa wateja, mtaji, mahali au uzoefu, haikuwahi kusimama. Mgahawa tunaouzungumzia hapa ulikwisha kuvuka mtihani huo zamani. Una wateja waliooa na kulea ukiwapo, una mpishi ambaye mkono wake unajulikana, una meza zenye wenyewe. Kuueleza kwa sababu zilezile zinazoua mgahawa mchanga ni sawa na kumpima mzee kwa maradhi ya watoto.

Mishtuko inayoupata ni ya kweli, na haifai kudharauliwa. Vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, ngano na mafuta ya alizeti vilikwama Bahari Nyeusi. Machi mwaka huo kipimo cha bei za mafuta ya mimea cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika kiwango ambacho hakikuwahi kufika, na mwishoni mwa Aprili Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mawese, ikazuia kuyauza nje kwa zaidi ya wiki tatu. Tanzania wakati huo ilikuwa ikiagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, na Kenya karibu yote. Mshtuko ukatua moja kwa moja kwenye karai. Gesi ya kupikia nchini Kenya nayo ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ikashushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa mwaka 2023: mtungi uleule, viwango vitatu vya kodi ndani ya miaka miwili. Lakini mishtuko hii haikubagua mlango. Muuza chipsi, mama ntilie, hoteli kubwa ya ufukweni na mgahawa wa mtaa wote walinunua mafuta kutoka kwenye meli zilezile. Kufikia katikati ya mwaka 2023 bei za mafuta duniani zilikuwa zimeshuka sana kutoka kilele kile. Kama gharama peke yake ndiyo ingekuwa ugonjwa, kupungua kwake kungekuwa tiba. Mtu aangalie basi kile mgahawa ulichofanya wakati wa shida, na kwa nini hakikurudishwa shida ilipopungua.

Kilichofanyika, mara nyingi, ni kuiacha bei igande. Mfano ulio wazi uko Japani, kwenye vibanda na migahawa ya ramen, chakula cha mtaa kinachopendwa huko kama supu na chapati zinavyopendwa kwetu. Wauzaji wake wana msemo wa ukuta wa yen 1,000: bakuli likivuka bei hiyo, wanaamini, mteja hatalikubali, kwa kuwa ramen katika fikra za watu ni chakula cha bei nafuu. Ngano, nyama ya nguruwe, umeme na mishahara vilipanda. Ukuta ukabaki pale pale. Mwaka 2024 kampuni ya takwimu za biashara ya Teikoku Databank ilihesabu biashara 72 za ramen zilizofilisika, kutoka 53 mwaka uliotangulia, hesabu kubwa kuliko zote ilizowahi kuweka. Hazikufilisika kwa kukosa wapenzi. Zilibanwa kati ya gharama inayopanda na bei iliyogeuka kuwa mali ya umma. Kwetu pia sahani ikipendwa sana, bei yake huacha kuwa uamuzi wa mwenye duka. Huwa ahadi, na mwenye duka huogopa kuivunja kama mtu anavyoogopa kuvunja undugu.

Hofu hiyo ina msingi, ila imepima vibaya kitu kinachowaudhi watu. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majibu waliyokusanya kwa simu katika miji ya Toronto na Vancouver, Kanada. Waliwauliza watu kuhusu duka linalopandisha bei ya koleo la theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi baada ya theluji kubwa. Asilimia 82 walisema si haki. Waliwauliza wengine kuhusu muuza mboga aliyenunua saladi kwa bei ya juu kuliko kawaida akaongeza kiasi kilekile alichoongezewa. Asilimia 79 walisema hana kosa. Kanada si Temeke, wala saladi si pilau, lakini tofauti hiyo yeyote aliyewahi kubishana na muuzaji ataitambua: watu hukasirishwa na anayefaidi shida yao, na humwelewa anayeishiriki. Mwenye mgahawa anayeganda na bei ya zamani kwa kuogopa lawama, huku mteja mwenyewe ametoka kununua mafuta kwa bei mpya dukani, anamwogopa mtu ambaye tayari yuko upande wake.

Tufuate sasa njia ya pili, ile ya sufuria. Haianzi kwa uhalifu. Huanza kwa mafuta kurudiwa mara moja zaidi ya desturi. Kisha tui la pili hubeba kazi ya tui la kwanza, na maharage ya nazi hubaki na rangi bila uzito. Mchele wa Kyela huchanganywa na mchele mwingine, robo kwa robo, mpaka harufu yake ibaki kwenye jina tu. Steki hupisha nyama ya mchanganyiko, kuku wa kienyeji hupisha wa kisasa, na binzari na hiliki hutiwa kwa mkono uliokunjwa. Kila hatua, ikipimwa peke yake, ni ndogo, na kila moja hulinganishwa na sahani ya jana. Hakuna anayeilinganisha na ile ya miaka mitano iliyopita. Ndipo ilipo hatari yake. Bei ikiongezwa, mwenye mgahawa hujua ameongeza kiasi gani na anaweza kuipunguza. Ladha iliyopunguzwa vipande kumi katika miezi kumi haina kumbukumbu ya kurudia. Mpishi aliyejua kipimo cha zamani huenda amekwisha kuondoka kwa kucheleweshewa mshahara, na kijana aliyechukua mwiko wake hajawahi kuionja pilau ambayo jina lake analiuza.

Kisha hesabu ya mzunguko huingia kazini. Chakula cha mgahawa wa mtaa huwa kitamu kwa sababu kinakwisha: supu iliyochemshwa alfajiri imemalizika saa nne, chapati hazikai zikakauka, samaki wa leo hamkuti samaki wa kesho. Wateja wakipungua kwa sehemu ndogo tu, sufuria huchelewa kwisha, na kilichobaki hupashwa. Kilichopashwa hupunguza wateja wengine, na waliopungua huongeza kilichobaki. Mwenye mgahawa hujibu kwa kurefusha orodha, akiweka chipsi, baga na juisi za pakiti ili awavute wapita njia, na orodha ndefu inataka akiba ya vitu vingi vinavyonunuliwa mara chache, yaani vitu visivyo vibichi. Baadaye neno linalosikika zaidi mezani ni «imekwisha», nalo halina tena maana lililokuwa nayo zamani. Lilikuwa sifa ya chakula kilichogombewa. Sasa ni taarifa ya chakula ambacho hakikupikwa.

Swali linalobaki ni kwa nini mwenyewe haoni. Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu kuondoka, kusema na uaminifu, alieleza kwamba chombo chochote kinachoshuka hupokea habari kwa njia mbili: watu huondoka, au husema. Aliongeza jambo linaloufaa mgahawa kuliko alivyodhani: wanaojali ubora sana mara nyingi ndio wanaotangulia kuondoka, nao ndio ambao wangesema vizuri zaidi. Wa kwanza kuacha kuja ni yule anayetambua tui la pili kwa ulimi. Haagi; anaanza kupita barabara ya pili. Wanaobaki ni wa aina mbili: wasiojua tofauti, na wanaoijua lakini wamefungwa na mapenzi, ambao hula, hulipa na husema chakula kimekaa vizuri. Hivyo kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya, ndivyo sifa anazozisikia mwenye mgahawa zinavyozidi kuwa safi, kwa kuwa wakosoaji wake wote wamekwisha kuondoka. Mgahawa usiopendwa haupati ugonjwa huu. Wateja wake husema siku hiyohiyo au huhama siku hiyohiyo, na mwenyewe hushtuka mapema.

Katika pwani yetu ukimya huo una mizizi ya adabu. Mtoto hulelewa asikitie ila chakula alichopewa, na Waislamu hufundishwa kwamba Mtume Muhammad hakuwa akikisema vibaya chakula: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Ni mafundisho mazuri ya shukrani mbele ya riziki. Lakini mgahawa, ambao jina lake lenyewe limetoka kwenye kahawa na maongezi yake, huazima lugha ya nyumbani. Mtu hupokewa kwa «karibu», huulizwa habari za watoto, huketishwa kama mgeni, na mgeni hakosoi sufuria ya mwenyeji. Inasahaulika kwamba ameingia pia kama mnunuzi, na soko nalo lina adabu yake, kutoka chimbuko lilelile. Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, akakuta unyevunyevu uliofichwa. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke juu watu wakakiona. Hakulaumiwa kwa mvua; alilaumiwa kwa kuficha. Mgahawa unaopunguza nazi bila kusema unafanya alichofanya muuzaji yule, na mara nyingi kwa nia njema kabisa ya kumwonea huruma mteja.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa ya wenye nazo. Mteja wa mtaa hana pesa. Bei ikipanda atakosa chakula, na heri sahani hafifu kuliko mkono mtupu. Hoja hii ina uzito, na jibu lake liko kwa mama ntilie tuliyeanza naye. Wateja wake ndio maskini kuliko wote, na ndiye anayeupitisha mfumuko wa bei waziwazi kuliko wote. Wali wa elfu moja hubaki wa elfu moja. Kinachobadilika ni upawa, na kila mtu anakiona. Ni desturi ileile ya uchumi wa kadogo nchini Kenya, au ya kununua mafuta ya kula kwa kipimo dukani: mwenye kidogo hununua kidogo, lakini anajua amenunua nini. Maskini hana sababu ya kukiogopa kipimo kidogo kilicho wazi. Kinachomuumiza ni kulipia sahani nzima akapewa nusu ya thamani, kwa kuwa hana shilingi ya kufidia kosa. Mgahawa unaoandika bei mbili, ya sahani kamili na ya nusu sahani, kwa pilau ileile isiyochanganywa, unamheshimu kuliko unaomfichia.

Pingamizi la pili ni la kodi ya pango, na hili lazima likubaliwe kwa sehemu. Katikati ya Dar es Salaam, migahawa kadhaa iliishi kwa miongo ndani ya majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971, yale yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye, mwaka 1990, chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Pango lao lilikuwa chini ya bei ya soko kwa muda mrefu. Shirika lilipoelekezwa kwenda kibiashara, na nyumba za chini za Kariakoo zilipopisha maghorofa, msaada huo usioandikwa popote ukaondoka. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una shida ya jinsi hiyo: mlango unaouza chai ya maziwa unagombea pango na mlango unaouza vinyago kwa watalii. Nyumba ikivunjwa, hakuna pilau itakayoiokoa, na mgahawa uliokufa hivyo umeuawa, haukushuka. Ila kuna vifo vichache vya jinsi hiyo kuliko vinavyosimuliwa. Pango likipanda, mgahawa wenye sahani imara una kitu cha kupandishia bei, na ukilazimika kuhama una watu wa kuufuata mtaa wa pili. Uliokwisha kuidhoofisha sahani hauna hata kimoja. Notisi ya mwenye nyumba inakuwa cheti tu cha kifo kilichotokea jikoni.

Wengine hutaja uzee wa mwanzilishi na watoto wasiotaka kurithi. Mfano unaotajwa sana ni migahawa ya Kiirani ya Mumbai, iliyoanzishwa na wahamiaji Wazoroasta kutoka Iran. Katikati ya karne ya 20 ilihesabiwa kwa mamia; leo imebaki michache, miongoni mwao Kyani & Co. ya mwaka 1904. Ni kweli watoto wengi walisoma wakaenda ofisini. Lakini mtoto akiikataa biashara ya baba yake huwa ameifanyia hesabu, na biashara ambayo bei yake imegandishwa na mapenzi ya watu wengine haina hesabu ya kumshawishi. Mwaka 2014, B. Merwan & Co., mgahawa wa namna hiyo uliofunguliwa mwaka 1914, ulipotangaza kufungwa, umati ulimiminika kula mara ya mwisho. Baadaye ukafunguliwa tena. Mapenzi yalikuwapo tele, ila mengi yalingoja msiba ndipo yajitokeze. Wakati huohuo mjini London, tangu mwaka 2010, Dishoom inauza kumbukumbu ya migahawa hiyohiyo kwa bei ya London, na watu hupanga foleni barabarani. Soko halikukosa hamu ya kulipia ladha ile. Ililipiwa mbali na mtaa ulioizaa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu kuliko yote: ladha hubadilika, kila kizazi kina meza yake, na kuulilia mgahawa wa zamani ni kujililia ujana. KFC iliingia Nairobi mwaka 2011 na Dar es Salaam miaka miwili baadaye, na vijana hawakuburutwa kuingia humo. Sikatai, chakula kisichotakiwa tena hakina haki ya kulindwa. Lakini tuangalie kile hasa minyororo ya migahawa kama hiyo inachouza. Januari 2022 matawi ya KFC nchini Kenya yaliishiwa chipsi kwa kuwa viazi vyake vilitoka nje ya nchi na meli zilichelewa, ndani ya nchi inayolima viazi kwa wingi. Kampuni ilitangaza wazi kwamba haina chipsi, ikawapa wateja vyakula mbadala, ikavumilia hasira zao. Ilistahili kukosolewa kuhusu wakulima wetu, na ilikosolewa. Hata hivyo haikuchanganya kitu kingine ndani ya boksi ikakiita jina lilelile. Kijana anayepita mgahawa wa babu yake akaenda huko mara nyingi hakimbii pilau. Anakimbilia mahali ambapo sahani ya leo ni ile ya wiki iliyopita. Uthabiti huo ndio uliokuwa mali ya mgahawa wa mtaa kabla haujaitumia kama mtaji wa kufidia hasara.

Dawa, ikiwa hoja hii ni sahihi, ni nyepesi kuitaja na nzito kuimeza. Mwenye mgahawa aandike bei mpya pamoja na sababu yake; akate orodha ibaki na vyakula vichache vinavyokwisha kila siku; aweke kipimo cha nazi, mchele na viungo kwenye daftari, kisihame na mpishi; na amtafute aliyeacha kuja, kwa kuwa yule aliyebaki atamsifu tu. Mteja naye ana wajibu unaompa aibu zaidi: amvute mwenyewe pembeni, kwenye kaunta, wasikiapo wawili tu, amwambie maharage yamebadilika. Atajihisi amevunja adabu ya mgeni, lakini atakuwa ametimiza ya sokoni. Mvua haitaacha kunyesha. Mafuta yatapanda tena na pango litapanda tena. Mtaa unaweza kuuchukulia mgahawa wake mengi, hata sahani ndogo na bei kubwa, mradi kilicholowa kiwekwe juu ya lundo, mahali ambapo jicho linakiona kabla mkono haujalipa.